Basketball-Reference: dawa ya kelele za Jordan na LeBron, ao kelele ingine?

Bandugu, kama muko mu grupu yoyote ya basket hapa Lubumbashi, ikuwe ya Kamalondo, ya Katuba ao ya Bel-Air, munajua vile inaendaka. Mechi za NBA, ligi kubwa ya basket ya Marekani, zinachezwaka usiku wa manane kwetu, asubui batu banaamuka na matokeo, na mbele ya saa sita tayari bamesharudi ku ile vita ya siku zote: nani mukubwa wa bote, Jordan, LeBron, Kareem, Wilt. Zamani ilikuwa "mi nilimuona na macho yangu" na "weye wakati ule ulikuwa mutoto". Siku hizi ni namba. Huyu anatupa PER, mwengine anamujibu na VORP (ni vipimo vya bachezaji, nitavieleza hapa chini), wa tatu anapiga picha ya tablo anaiweka mu grupu bila hata neno moja, anafikiri kesi imeisha. Na hizo namba karibu zote zinatoka pahali pamoja, Basketball-Reference. Njo maana nataka kuandika juu ya ile sayiti yenyewe, juu batu bengi banaishika kama rungu na hawajui inapimaka nini.

Kwa bale hawaijui: ni sayiti ya Marekani, Justin Kubatko njo aliianzisha mu 2004, leo iko chini ya kampuni Sports Reference ya Philadelphia, bale bale beko na sayiti ya baseball. Kila muchezaji mwenye alipita mu NBA, hata kama alicheza dakika mbili akarudi kwao, anapewa ukurasa wake. Ya bure. Haiombi ujiandikishe, haiombi namba ya telefone, unaingia tu unaandika jina.

Kitu chenye napenda mbele ya yote, na haina hata maneno ya basket, ni kwamba ni nyepesi. Ni maandishi na tablo, basi. Mutu wa forfe ndogo anaingia anatafuta, na ukishafungua ukurasa wa Kareem mbele intaneti ikatike, inabaki pale ku telefone, unaisoma polepole hata umeme ukienda. Matangazo iko, tena mingi, na tablo ni pana sana kwa telefone ndogo, unasukuma na kidole mupaka unachoka, mi nakushauri uilalishe telefone ndio usome. Luga ni Kiingereza paka, Kifaransa hakuna, Kiswahili usiulize. Lakini kila kolone iko na kifupisho chake na kuna ukurasa mumoja wa kueleza vifupisho vyote moja kwa moja, na kama ulisoma hesabu kidogo ku sekondere utaelewa, hawakufichi kitu, hata formila zenyewe bameziandika wazi. Ile ni heshima kubwa kwa musomaji, sayiti zingine zinakupa namba na zinakuambia uamini tu.

Sasa tuingie mu nyama.

PER njo namba yenye batu banapenda zaidi, na njo yenye inadanganya zaidi. Ilitengenezwa na John Hollinger. Inachukua kila kitu muzuri chenye muchezaji alifanya, pointi, rebondi (balo yenye alikamata kisha shuti kukosa), pasi, kontre (shuti ya mupinzani yenye alizuia), inatosha vitu vibaya, mashuti yenye yalikosa na mabalo yenye alipoteza, inagawanya ku dakika, kisha inarekebisha kufwatana na mbio ya mechi za ule mwaka. Ufundi wake ni hapa: kila mwaka wastani ya ligi nzima inawekwa 15. Mwaka 1962 ni 15, mwaka 2024 ni 15. Donki ukiona mutu na 27 unajua alikuwa juu ya benzake wa wakati wake kwa kiasi gani, na hapo unaweza kulinganisha batu benye hawakukutana hata siku moja ku tere. Jordan alimaliza kazi yake na 27.9. Kwa myaka mingi hakuna mwenye alimupita, mupaka Nikola Jokić amekuja na wastani ya kazi ya juu yake, na ule wa Serbia mu sezoni moja, ya 2021-22, alifika 32.8, mbele ya pale hakuna mutu mu historia ya NBA alikuwa ameshafika pale. Lakini angalia, Jokić angali anacheza, hajafika myaka ya kuchoka. Ile 27.9 ya Jordan ndani yake kuko ile myaka mbili ya Washington, 2001 mupaka 2003, mutu wa myaka 38, 39, 40 mwenye magoti yamekwisha. Ukimusimamisha ku Bulls ya Chicago tu, wastani ya pointi ni 31.5, na kazi nzima ni 30.1. Kwa hiyo mbele ya kulinganisha "kariere" ya mutu mwenye alimaliza na mwenye angali katikati, uliza kwanza kama mwengine ameshakula sehemu yake ya uzee.

Na udanganyifu wenyewe eko wapi? Bill Russell, ule wa Boston wa zamani. Mataji 11 mu sezoni 13, MVP (muchezaji bora wa mwaka) mara 5, na PER yake ni 18.9. Kumi na nane! Kama unaamini PER kama vile unaamini Biblia, basi Russell alikuwa muchezaji muzuri tu, mwenye bahati ya kuwa Boston. Hiyo ni bongo. PER haioni defansi, inaona paka kontre na balo zenye uliiba, na wakati wa Russell hata vile viwili hakuna mwenye alikuwa anavihesabia. Tena inapenda batu ba kupiga mashuti mingi, ukipiga sana inakupandisha hata kama hauingizi vizuri sana. Mi kwa hiyo kolone naangaliaka tu kama mutu alikuwa na nguvu ku ataki, ikiisha hapo naendelea.

Win Shares ni ingine kabisa, na mi njo naipenda. Wazo lilitoka ku baseball, kwa Bill James, na Kubatko alilileta ku basket akitumia hesabu za Dean Oliver. Mu Kiswahili cha kwetu tuseme mafungu ya ushindi, ku tablo inaandikwa WS. Unachukua ushindi wa ekipe, tuseme ekipe ilishinda mara 60, unaugawanya kati ya bachezaji kufwatana na vile kila mumoja alichangia, ku ataki na ku defansi. Ukijumulisha mafungu ya bote unarudi karibu na ile 60. Haiwezekani kila mutu awe mukubwa, keki iko moja.

Kwa jumla ya maisha, Kareem Abdul-Jabbar amefika 273.4, LeBron eko hapo hapo naye, nyuma yabo Wilt Chamberlain na 247.3, Karl Malone na 234.6, Jordan na 214.0. Na Russell mwenye PER ilimutupa? Ukiangalia fungu la defansi peke yake, Russell eko wa kwanza wa historia yote, 133.6, Tim Duncan anafwata mbali na 106.3. Namba mbili za sayiti moja, moja inasema Russell ni wa kawaida, ingine inasema hakuna mutu alishalinda kama yeye. Ndio maana nasema picha ya tablo moja mu grupu haikati kitu.

Na hapa niko na furaha kidogo ya kwetu bakongomani. Chukua Dikembe Mutombo na Allen Iverson. Mu 2001 balikuwa ekipe moja, Philadelphia, balifika finali pamoja, Lakers bakabapiga 4 kwa 1. Ule mwaka Iverson alikuwa MVP na Mutombo alikuwa mulinzi bora wa ligi, mara yake ya 4. Uliza vijana wa tere yoyote nani alikuwa mukubwa, bote batakuambia Iverson, nywele, dribli, ile yote. Angalia PER, Iverson 20.9 na Mutombo 17.2, sawa. Angalia WS ya kazi nzima: Mutombo 117.0, Iverson 99.0. Mutu mwenye wastani yake ni pointi 9.8 kwa mechi anapita mutu wa pointi 26! Bamoja bataanza kusema sayiti imeharibika. Hapana. Iverson alikuwa anatumia mashuti mingi sana na kuingiza kwake kulikuwa karibu sawa na wastani ya ligi, wakati Mutombo alikuwa anapiga kidogo, anaingiza, anakamata rebondi, na alifunga mulango myaka 18, kontre 3,289, ni Hakeem Olajuwon tu eko juu yake na 3,830. Mi sisemi Mutombo ni mukubwa kuliko Iverson ku kila kitu, kama unahitaji mutu wa kutengeneza shuti wakati balo imekwama haumuite Mutombo. Lakini kama hiyo namba haikukupa hata dakika moja ya kufikiri, basi haukuja kujifunza, ulikuja kupiga kelele.

Ubaya wa WS: inategemea ekipe. Defansi inagawanywa kwanza kufwatana na vile ekipe nzima ililinda, kisha batu banapata sehemu. Donki mulinzi mubaya mwenye alikuwa pembeni ya balinzi bakali anapata zawadi ya bure, na mukali mwenye alikuwa mu ekipe mubovu anaibiwa. Tena ile jumla inapenda batu benye balidumu. Kwa kuondoa ile faida ya kudumu kuko WS kwa dakika 48, wastani ya ligi ni 0.100. Hapo Jordan ni 0.2505. Na unajua nani eko karibu naye mupaka unahitaji tarakimu ya ine kubatenganisha? David Robinson, 0.2502. Robinson! Mutu mwenye mu grupu zetu hakuna hata anamutaja. Sasa bamoja banatumia hiyo kuonyesha kwamba namba ni upuuzi, juu hakuna anaweza kuweka Robinson na Jordan ku meza moja. Mi nachukua kinyume, inanionyesha Robinson tunamusahau sana, alafu naenda ku tablo ya playoffs, zile mechi za mutoano za mwisho wa sezoni, maana pale njo Jordan anatengana na bote, wastani pointi 33.4, hakuna mwengine.

Tufike ku BPM na VORP, yenye mashabiki ba LeBron banatembea nayo mufukoni. Daniel Myers njo aliitengeneza, na mu 2020 ilirekebishwa, ndio maana kama uliandika namba ku kitabu chako mbele ya pale utakuta zimebadilika kidogo. BPM inakadiria, kwa kila posesio 100 (posesio ni kila mara ekipe inashika balo), mutu anaongezea ekipe pointi ngapi kupita muchezaji wa kawaida. VORP inachukua hiyo, inailinganisha na muchezaji wa akiba mwenye unaweza kumupata popote, iko kwa -2.0, kisha inazidisha na dakika zenye ulicheza. LeBron amepita 150, wa kwanza, Jordan wa pili na 116. Mbali kabisa. Kesi imeisha?

Haijaisha, na hapa ningependa kila mutu mwenye anatumaka ile picha asome mara mbili. VORP inaanza mu 1973-74. Mbele ya pale haiko. Juu ya nini? Juu balo za kuiba na kontre zilianza kuhesabiwa ile sezoni, na rebondi za ataki na za defansi zilianza kutenganishwa ile sezoni, bila hizo hesabu haiendi. Mabalo yenye yamepotea yalianza kuandikwa mu 1977-78, mustari wa pointi 3 ulikuja mu 1979-80. Kwa hiyo Russell mwenye alistaafu mu 1969 hana VORP. Wilt mwenye aliacha mu 1973 hana. Oscar Robertson na Jerry West beko na sezoni moja tu, ile ya mwisho, wakiwa bazee. Na Kareem, ule Kareem, sezoni zake 4 za kwanza zimetupwa inje, na ndani ya zile 4 kuko MVP mbili, 1971 na 1972, na taji la Milwaukee la 1971. Ukiniambia "LeBron ni wa kwanza wa historia ku VORP" unasema kweli, ila historia yenyewe imekatwa kichwa. Sayiti yenyewe haikudanganyi, inaandika pale kwamba inaanza mwaka fulani, ni sisi hatusomi maandishi madogo.

Na hata kati ya Jordan na LeBron, VORP ni jumla. LeBron alitoka sekondere moja kwa moja ku ligi mu 2003, amepita mechi 1,500 za sezoni. Jordan alipita kwanza universite, kisha aliacha mara mbili, mara moja akaenda kucheza baseball, alimaliza na mechi 1,072. Ukiangalia BPM peke yake, bila kuzidisha na dakika, Jordan eko juu ya LeBron na Jokić eko juu ya bote babili. Sasa weye unataka nini? Mwenye alifanya mingi, ao mwenye alikuwa mukali zaidi kila usiku? Ni maulizo mbili. Batu bamepigana myaka na myaka mu grupu na kila mumoja anajibu ulizo lake, ya mwenzake hakuisikia. Hii njo kazi kubwa yenye hii sayiti inafanya kwangu, haiamui, inakulazimisha useme unauliza nini.

Wilt. Haiwezekani kuandika juu ya hii maneno bila Wilt. Sezoni 1961-62: pointi 50.4 kwa mechi, rebondi 25.7, dakika 48.5 wakati mechi yenyewe ni dakika 48, maana hakuwa anatoka hata ku prolongasio. Pointi 100 usiku mumoja, tarehe 2 mwezi wa tatu 1962, kule Hershey. Mutoto wa leo akisoma vile anasema ni hadisi. Sasa fungua ukurasa wa ile sezoni (kila sezoni iko na ukurasa wake, na mi naona ule njo ukurasa wenye faida kuliko yote ya sayiti, kupita hata kurasa za bachezaji), angalia wastani ya ligi: kila ekipe ilikuwa inapiga mashuti karibu 108 kwa mechi, leo ni karibu 89. Rebondi zilikuwa karibu 71 kwa ekipe, leo 44 hivi. Batu balikuwa banakimbia tu, banapiga, banakosa, banakimbia tena. Wilt peke yake alikuwa anapiga mashuti 39.5. Tufanye hesabu ya mukono, ukipunguza kufwatana na mashuti ya leo, zile 50.4 zinakuwa kama 41 ao 42, na rebondi 25.7 zinakuwa kama 16. Ni hesabu ya bure bure, haihesabie kwamba leo hakuna kocha atamuacha mutu dakika 48. Lakini ona yenyewe: hata baada ya kumukata vile, pointi 41 na rebondi 16, bado ni monstre. Mi nilitegemea hesabu itamushusha mupaka chini, kumbe imemushusha ngazi moja tu. Ile ile inafanya kazi kwa Oscar Robertson na triple-double yake ya ule mwaka (kupita kumi ku vitu vitatu), pointi 30.8, rebondi 12.5 na pasi 11.4, ukiiweka pembeni ya Russell Westbrook wa 2016-17, 31.6, 10.7 na 10.4. Rebondi za Oscar zilikuwa rahisi kupata, pasi zake zilikuwa nguvu kuhesabiwa, na pale kila mutu achague.

Kama kuko kitu kimoja ningependa vijana ba tere bajifunze hapa, waache PER yabo, ni TS%, kuingiza kwa kweli. Inahesabia shuti ya mbili, ya tatu na za lanse-fran (za bure kisha kosa ya mupinzani) pamoja. Stephen Curry 2015-16 alipiga pointi 30.1 kwa mechi na TS ya 0.669, na mashuti ya pointi 3 yenye yaliingia yalikuwa 402. Kobe 2005-06, mwaka wa zile pointi 81 juu ya Toronto, alikuwa na 35.4 na TS ya 0.559. Mashabiki ba Kobe hapa mutaniandikia matusi, najua. Ila mungoje: wastani ya ligi yenyewe imepanda, 2006 ilikuwa karibu 0.536, leo iko karibu 0.58. Donki 0.559 ya Kobe wakati ule ilikuwa juu ya wastani, mutu akiwa na ile leo eko chini. Sayiti iko na sehemu ya mashuti yenye imerekebishwa, inaweka wastani ya kila mwaka kuwa 100 na inakuambia mutu alikuwa 105 ao 98. Angalia pale, si ile namba kavu. Karibu hakuna mutu anaifungua ile sehemu, imefichwa chini chini ya ukurasa.

Upande mubovu wa sayiti ni defansi, na sioni vile itatengenezeka kwa batu ba zamani. Namba za ulinzi zote zinasimamia juu ya balo za kuiba, kontre na rebondi. Mutu mwenye anasimama vizuri, anaita benzake, anamufanya mupinzani aogope kuingia, hana kolone. Tena hata zile zenye kuko zinaandikwa na mutu mwenye amekaa ku meza pembeni ya tere, na ule mutu eko na macho na moyo kama sisi. Jordan mu 1987-88, mwaka wa MVP na mulinzi bora pamoja, aliiba balo mara 259, na zaidi sana ku Chicago kuliko inje. Sisemi hakuwa mulinzi, sote tuliona kama alikuwa. Nasema kama BPM yake ya ule mwaka inakula ile namba, basi inakula pia macho ya ule mutu wa meza. Vipimo vipya venye vinaangalia nini inatokea ku tere wakati muchezaji eko ndani na wakati ametoka, vinahitaji mechi yenye imeandikwa tendo kwa tendo, na ku hii sayiti ile inaanza 1996-97. Jordan hapo anabakisha sezoni mbili za Bulls na zile mbili za Washington. Magic, Bird, Kareem, sifuri.

Feza sasa. Sayiti kubwa ni ya bure, lakini bako na dada yake, Stathead, yenye inafanya utafutaji mukali: "nipe bachezaji bote benye balipata pointi 30 na rebondi 15 mbele ya myaka 22", vitu vya namna ile. Ya kulipia kila mwezi, na karte ya banki. Kwa mutu wa hapa mwenye feza yake iko mu telefone, hiyo ni ukuta. Kusema kweli hauihitaji, ukiwa na uvumilivu unafungua kurasa mbili pembeni pembeni na unaandika ku karatasi.

Mi naipa 8 juu ya 10. Moja nakata juu ya defansi, hata kama si kosa yabo, ingine juu ya vile ku telefone kila kitu kizuri kiko chini kabisa na kila kitu cha kelele kiko juu, pale ku mwanzo wa ukurasa unapewa PER na WS kwa herufi kubwa na mutu mvivu anaishia pale. Kama hauijui, usianze na Jordan ao LeBron, utaenda kutafuta tu chenye unaamini tayari. Anza na Bismack Biyombo, mutoto wa Lubumbashi, tafuta mechi ya tarehe 21 mwezi wa tano 2016, Toronto na Cleveland, finali ya Est, mechi ya tatu. Toronto ilishinda 99 kwa 84. Ku kolone ya pointi hautaona kitu cha kuita mutu. Ku kolone ya rebondi utaona 26, na LeBron alikuwa ku tere ule usiku.